Pikipiki, koleji, au yule mdogo wa miaka miwili?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Niliishia darasa la saba. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Mume wangu ni kibarua wa bandarini, na siku ambazo hakuna kazi huchomelea mageti. Tumejibana miaka minne, kwa chama na kwa daftari langu la hesabu, tukafikisha shilingi 180,000. Binti yetu mkubwa amemaliza kidato cha nne na kupata C-. Anataka diploma ya biashara katika koleji moja ya kibinafsi, shilingi 85,000 kwa mwaka, miaka miwili. Kuna mvulana wa gredi ya tano na mdogo wa miaka miwili. Shemeji yangu anasema tununue pikipiki ya bodaboda kwa sababu italeta pesa kesho, na binti ataolewa, elimu yake ifaidi nyumba ya watu. Redioni nasikia kwamba kusomesha ni kuwekeza na ndiko kunakokuza uchumi wa nchi. Lakini maskani ya hapa mtaani imejaa vijana wenye vyeti. Je, ni uwekezaji kweli, au ni matumizi tunayoyapamba jina? Na hizi pesa nizitie wapi?

Jibu: Dadangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Binti umemtaja na bei yake, pikipiki umeitaja na pesa itakazoleta, mvulana umemtaja kwa gredi anayosoma. Yule wa miaka miwili umemtaja kwa umri tu, kana kwamba yeye bado hadai kitu. Nitamrudia, kwani katika mahesabu yangu yeye ndiye anayetangulia.

Kwanza nikujibu lile la jina. Ni uwekezaji, na wala hatulipambi jina. Mwaka 1961 mchumi wa Marekani Theodore Schultz, mtu aliyelelewa shambani, alichapisha makala iliyozua ubishi mkubwa. Alikuwa ameona jambo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ujerumani na Japani zilipigwa mabomu, viwanda vikawa vifusi, lakini zikainuka upesi kuliko wataalamu walivyokadiria. Wataalamu walikuwa wamehesabu mashine zilizoungua, wakasahau kuwahesabu watu waliobaki wakijua kuunda nyingine. Kile kilichobaki vichwani, mikononi na katika afya za watu ndicho Schultz alichokiita mtaji. Mchumi mwenzake Gary Becker akakifanyia hesabu kwa kina katika kitabu chake cha 1964, na wote wawili wakaja kupata Tuzo ya Nobel, Schultz mwaka 1979 na Becker mwaka 1992. Kwa Kiswahili tumezoea kusema rasilimali watu.

Mtaji huu una tabia ambazo pikipiki haina. Pikipiki kadiri unavyoitumia ndivyo inavyochakaa. Ustadi kadiri unavyoutumia ndivyo unavyokomaa. Pikipiki huibwa usiku mmoja. Lakini pia, tuseme kweli, pikipiki ukipatwa na shida unaiuza, na mkopeshaji atakupa pesa akishika kitabu chake cha umiliki. Anachokijua binti yako hakiuziki, wala hakiwekwi rehani. Hapo ndipo penye ugumu unaowaumiza watu wa kipato kama chenu: kitu chenye faida ya muda mrefu zaidi ndicho ambacho hakuna benki inayokubali kukukopesha ukinunue. Ndiyo maana serikali huingia kati. Shule ya msingi ya umma ilifanywa bure Januari 2003, shule ya upili ya kutwa ikafuata mwaka 2008, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ilikuwa imeundwa mwaka 1995 ili kuwakopesha wanafunzi ambao hakuna mwingine angewakopesha. Mambo haya yakiachiwa soko peke yake, mtoto wa kibarua hubaki nje hata akiwa na akili kuliko mtoto wa tajiri, kwa kuwa baba yake hana cha kuweka rehani.

Faida yake ni kiasi gani? George Psacharopoulos na Harry Patrinos wamekusanya kwa miaka mingi tafiti za nchi nyingi, na katika muhtasari wao wa 2018 walipata kwamba kila mwaka mmoja wa masomo huongeza pato la mtu kwa wastani wa karibu asilimia 9. Tuuweke kwa shilingi. Aliyeishia darasa la nane akiwa anapata 10,000 kwa mwezi, mwenzake wa hali ileile aliyefika kidato cha nne angepata kama 14,000, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 30 na zaidi. Hakuna pikipiki inayoishi miaka 30. Lakini huo ni wastani, na ndani yake wamo aliyesoma akaelewa na aliyekalia dawati tu. Usiuchukue ukaubandika kwenye ile koleji ya 85,000.

Sasa shemeji yako. Hilo la "ataolewa" nimelisikia barazani tangu utotoni, na sitalipuuza, kwa sababu lina hesabu ndani yake: anayelipa ada ni baba, atakayekula mshahara ni mume. Kosa lake ni kudhani kwamba faida ya elimu ya msichana ni mshahara peke yake. Mtafiti Owen Ozier alifuatilia vijana wa Kenya waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, akawalinganisha waliovuka kidogo alama za kuwapeleka sekondari na waliozikosa kwa alama chache. Watoto hao walikuwa karibu sawa kwa kila kitu, isipokuwa mlango mmoja kufunguka na mwingine kufungwa. Wasichana walioingia sekondari walipungukiwa na mimba za utotoni. Wavulana walipungua katika kazi za kubangaiza. Binti asiyezaa akiwa na miaka 17 hamwachii bibi mtoto wa kulea. Faida hiyo inaingia nyumbani kwako, dadangu, hata kabla hajaolewa.

Na tazama nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Elimu ya wasichana si sababu pekee, uzazi wa mpango una sehemu yake na maisha ya mjini yana sehemu yake, lakini ni miongoni mwa sababu kubwa. Watoto wakiwa wachache, kila mmoja hupata zaidi: chakula zaidi, ada zaidi, muda zaidi wa mama. Becker alilieleza hili kama mzani ambao wazazi huupima hata bila kujua, idadi ya watoto upande mmoja, na kile wanachoweza kumpa kila mmoja upande wa pili.

Wewe mwenyewe usijidharau kwa kuishia darasa la saba. Miaka saba ile ndiyo iliyokupa daftari. Nimewaona kina mama wengi wanaouza vizuri kukushinda, lakini hawajui unga umekula kiasi gani na mafuta kiasi gani, na mwisho wa mwezi pesa imeyeyuka. Hizo 180,000 ni mahamri na ni kalamu pia.

Watu wakisikia elimu hufikiria ada, na ada si mwanzo. Mtaji huanza mwilini. Mwaka 1998 huko Busia shule 75 ziliingizwa kwa zamu katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo. Michael Kremer na Edward Miguel waliofuatilia waliona utoro shuleni umepungua kwa robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua kijijini. Miaka 20 baadaye waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima. Waliotibiwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya saa yaliyo juu kwa kama asilimia 13. Kwa dawa ya minyoo! Vidonge vyenyewe ni rahisi kuliko kitabu kimoja cha shule. Kila ninapofundisha habari hii huwa nanyamaza kidogo nikifika hapo, kwa sababu nawafikiria watoto wa mitaa yetu ambao walimu waliwaita wavivu, kumbe walikuwa na minyoo au upungufu wa damu.

Ndipo tunafika kwa mdogo wako. Utafiti ule wa 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano, asilimia 18 wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Kilifi, hapo tu ukivuka Mtwapa, ni asilimia 37, juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Kudumaa si suala la kimo tu. Ubongo nao hujengwa kwa chakula hichohicho, na sehemu kubwa ya ujenzi huo ni kuanzia mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Wako yuko pale mlango unapoanza kufungwa, lakini haujafungwa.

Tena si chakula peke yake. Huko Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza. Baadhi walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaani, mara moja kwa wiki kwa miaka miwili, akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye kwa vichezeo vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye wale waliotembelewa walikuwa wanapata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Waliopewa chakula tu hawakuonyesha tofauti hiyo. Kilichozaa pato ni mama kuongea na mtoto.

Najua saa yako ya kazi ni ile ya alfajiri, mikono imejaa unga. Basi mtoto akiamka mweke mahali pa salama mbali na karai na umwambie unachofanya. Mahamri yakitoka mafutani mhesabie kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mwache anuse iliki, mtajie jina. Mpe vifuniko vya sufuria avipange kikubwa hadi kidogo. Yai moja kwa siku, tuseme shilingi 20, ni 7,300 kwa mwaka mzima. Mbaazi zako za nazi tayari ni chakula kizuri. Mwongezee dagaa na mboga za majani. Akifika miaka minne mpeleke chekechea, ambayo kwa katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti. Katika hili sisi watu wa Mombasa tulitangulia. Mpango wa chekechea za madrasa, uliosaidiwa na taasisi ya Aga Khan, ulianzia hapa Mombasa miaka ya 1980, ukiwachukua kina mama wa mtaani wenyewe na kuwafundisha ualimu, kisha ukaenda Zanzibar na Uganda. Watafiti walipowapima watoto wa madrasa zile na waliobaki nyumbani, wa madrasa walikuwa mbele.

Sasa lile swali lako gumu, la maskani. Kama kila mwaka wa shule unaleta pato, mbona vijana wenye vyeti wamekaa? Na mbona nchi iliyojaza madarasa bado ni maskini?

Hili limewasumbua wachumi pia. Mwaka 2001 Lant Pritchett alionyesha kwamba nchi nyingi maskini ziliongeza sana miaka ya shule, lakini pato la kila mfanyakazi halikupanda kwa kasi iliyotarajiwa. Alitaja sababu, nami naamini mbili kati yake zinatuhusu moja kwa moja: pengine shule haikufundisha, na pengine kazi za kuutumia ujuzi hazikuongezeka.

Nichukue ya kwanza. Nilikuwa Mtopanga nyumbani kwa jamaa, nikamwomba mtoto wa gredi ya nne anisomee hadithi ya mbuzi katika kitabu chake cha Kiswahili. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikifuata mstari, na mama yake akatabasamu. Nikafungua ukurasa ambao hawajaufika darasani na nikaifunika picha kwa kiganja. Kidole kikasimama kwenye neno "akamchinjia". Akasema "aka", akanitazama usoni, akatazama mkono wangu uliofunika picha. Ukurasa ule wa kwanza alikuwa ameukariri, na picha ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha. Miaka minne ya shule ilikuwa imeandikwa kwenye rekodi, na mtaji uliokuwa kichwani ulikuwa kidogo mno. Eric Hanushek na Ludger Woessmann walipoacha kuhesabu miaka ya shule na kupima kile wanafunzi wanachojua, ndipo uhusiano wa elimu na ukuaji wa uchumi ulipoonekana wazi. Benki ya Dunia nayo mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto anayezaliwa Kenya, kwa shule na afya zilivyo, akikua atafikia asilimia 55 tu ya uzalishaji ambao angeufikia kwa elimu kamili na afya kamili. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni watoto kama yule wa Mtopanga, ambao wako darasani na hawasomi.

Mvulana wako wa gredi ya tano mfanyie jaribio hilohilo Jumamosi. Funika picha. Mpe na kipande cha gazeti. Akikwama, basi uwekezaji wake si ada wala tuisheni ya mitihani. Ni nusu saa kila jioni ya kusoma kwa sauti, wewe au dadake mkimsikiliza. Mtoto wa Mombasa ana bahati ambayo wengi nchini hawana: Kiswahili cha kitabuni ndicho anachokisikia jikoni. Akikishika hicho, kusoma lugha nyingine kutakuwa rahisi.

Sababu ya pili ni kazi. Hapa nikueleze nilichokiona Changamwe kwenye yadi ya makontena. Kontena la friji lilikuwa limezima, ndani mna maparachichi yanayosubiri meli, zaidi ya tani 20, yanayotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi kama 5 au 6. Fundi wa kwanza alikuwa amegonga kompresa, akabadilisha fyuzi mara mbili, jasho linamtiririka. Kikaonekana kidirisha chenye namba ya hitilafu, akakipita tu. Akaitwa mzee mmoja aliyesomea ufundi Tudor, wakati chuo kikiitwa bado Polyteknik ya Mombasa. Akaisoma namba ile, akatoa mchoro wa nyaya aliokuwa ameufunga kwenye karatasi ya plastiki, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu mpaka kwenye kiungio kimoja. Kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari. Akakisafisha, akakikaza. Kompresa ikanguruma.

Hebu hesabu nani wote walifaidi katika dakika zile. Mzee alilipwa ujira wake, na huo ndio pekee unaoonekana kwenye mfuko wake. Lakini mkulima wa Murang'a ambaye hamjui alinusurika hasara. Msafirishaji alipata meli yake. Mnunuzi wa ng'ambo ataagiza tena. Dereva atapata safari nyingine. Hivyo ndivyo ujuzi wa mtu mmoja unavyokuza uchumi: sehemu kubwa ya faida yake huangukia watu wasiomlipa ada. Ndiyo hoja nzito kuliko zote ya serikali kulipia elimu na afya kwa kodi, kwani mzazi akiachiwa peke yake atalipia ile sehemu inayorudi nyumbani tu. Na ona pia kwamba bila bandari, bila makontena ya friji na bila maparachichi, mzee yule angekuwa maskani na mchoro wake mfukoni.

Robert Jensen alifanya jaribio India, vijijini karibu na Delhi. Kwa miaka mitatu walipelekwa maajenti kuwaeleza wasichana wa vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu kuhusu kazi za kupokea simu za wateja na jinsi ya kuziomba. Hakuna aliyelipiwa ada. Lakini wasichana wa vijiji vile walichelewa kuolewa, wakatafuta masomo na kazi zaidi. Walipoona kazi ipo, walisoma. Huko Mexico, David Atkin aliona kinyume chake: viwanda vya kazi zisizohitaji elimu vilipofunguliwa, kwa kila kazi 25 mpya mwanafunzi mmoja aliacha shule mapema. Kazi ya haraka ilimvuta kutoka darasani.

Soma hayo mawili pamoja na maisha ya hapa kwetu. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na makontena yakaamriwa kupanda treni moja kwa moja hadi Nairobi, yadi nyingi za Mombasa zilipoa, malori yakasimama, makarani na makuli wakarudi nyumbani. Amri ile iliondolewa Septemba 2022. Vijana waliosomea kazi za bandari katika miaka ile hawakuwa wajinga. Walinyang'anywa mahali pa kuutumia ujuzi. Kwa hiyo siwezi kukubali maneno ya wakubwa wanaowaambia vijana wa maskani "jiajirini" halafu wakatoka. Kuwekeza kwa watu bila kuwekeza mahali watakapofanya kazi ni kupanda mche kwenye kopo.

Na bodaboda? Ni ile kazi ya Mexico. Simdharau anayeiendesha, inalisha nyumba nyingi Kisauni. Lakini pikipiki ikiegeshwa uani kwenu, huyo mvulana wa gredi ya tano baada ya miaka minne atakuwa anaitazama kwa jicho jingine. Isitoshe, ni akiba yenu yote juu ya magurudumu mawili, na barua yako haikusema ni nani ataiendesha. Shemeji akiamini inalipa, aichukue kwa mkopo wake mwenyewe, muda si mrefu pikipiki itamlipia deni.

Basi pesa. Kama ingekuwa nyumba yangu, shilingi 50,000 ningeziweka mahali pagumu kufikika, kwa ajili ya ugonjwa na mwezi ambao bandari haina kazi. Watoto wengi huacha shule kwa sababu ya homa ya baba iliyokula ada, na mtaji wa miaka kumi hukatika kwa wiki moja. Mdogo, 10,000 kwa mwaka zinamtosha kwa mayai na dawa za minyoo. Mvulana hahitaji zaidi ya vitabu vya hadithi na nusu saa yenu.

Binti nisingempeleka kwenye ile koleji. Si kwamba biashara ni somo baya. Ni kwamba diploma ya biashara ndiyo iliyojaa maskani, na 170,000 ni karibu kila kitu mlicho nacho. C- yake inamruhusu kuomba diploma katika vyuo vya ufundi vya umma kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na HELB huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia. Ada ikibaki juu yenu, tengeni 60,000 za kuanzia. Mombasa ni mji wa joto, wa hoteli na wa bandari: friji na viyoyozi, umeme, upishi, hizo ni kazi zenye mlango. Kabla ya kulipa chochote nenda naye chuoni na muombe kuingia karakana. Tazameni mashine. Kama zina vumbi juu na plastiki za dukani bado hazijatolewa, hakuna anayezigusa, ondokeni. Waulizeni wanafunzi, msiwaulize wakubwa, mwaka uliopita walifanya mazoezi ya kazi wapi na wangapi walibakizwa hapo. Na binti aulizwe anachokipenda kati ya hivyo, maana ni yeye atakayeamka asubuhi.

Zinabaki kama 60,000. Nusu ongeza kwenye biashara yako, lakini kwa kitu kitakachokupunguzia saa za kazi, hata kama ni kumlipa mtu wa kukukandia unga, ili saa hizo zimwendee yule mdogo.

Nusu ya mwisho nilikuwa nataka kukuuliza kuhusu baba watoto. Umesema anachomelea mageti. Hukusema kama ana cheti. Ikiwa amejifunzia mtaani, ujuzi anao tayari, kinachokosekana ni karatasi ya kumthibitishia mwajiri asiyemjua. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hufanya mtihani wa ufundi, ule watu wanaouita gredi tesiti, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na mtihani ni wa kazi ya mikono zaidi. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na mwaka mmoja wa koleji yoyote. Mchomeleaji mwenye karatasi ile anaweza kuomba kazi kwenye yadi za kutengeneza meli na makontena, si kusubiri mlangoni alfajiri kuchaguliwa kibarua. Katika nyumba yenu nzima, huenda hiyo ndiyo shilingi itakayorudi mapema kuliko zote, mapema hata kuliko pikipiki. Muulize leo jioni kama amewahi kuufanya.